Naomba ushauri: kesi ya baba na mtoto, niandike vipi?

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni mwandishi wa kujitegemea mkoani, nalipwa kwa habari iliyotoka tu. Kuna kesi ya ubakaji wa mtoto imefika mahakamani kwetu, na mshtakiwa ni baba yake mzazi.

Jina la mtoto siliandiki, hilo halina mjadala, maadili ya Baraza la Habari yako wazi. Tatizo ni kwamba nikimtaja baba pamoja na undugu wao, nimeshamtaja mtoto. Nimefikiria kuandika undugu bila jina. Lakini gazeti jingine likitoa jina bila undugu, msomaji anaunganisha mwenyewe. Mhariri wangu anataka vyote (yeye haishi kijijini hapa).

Kinachonichanganya zaidi, mama wa mtoto ananisihi niweke majina na picha, maana anaogopa ukoo wa mume utayamaliza kimyakimya. Namwelewa kabisa, kesi nyingi za hivi hufia kwenye vikao vya ndugu. Ila ridhaa ya mama inatosha kweli, wakati atakayeenda shule na hilo jina ni mtoto?

Mliowahi kuripoti mahakamani, mlikubaliana vipi na waandishi wenzenu na wahariri? Kesi inatajwa tena wiki ijayo.