Mtengeneza tovuti aliye Mwanza atafute ajira wapi?

Mhitimu, Mwanza
Ndugu zangu, nina shahada ya sayansi ya kompyuta na ninaandika programu kwa PHP na JavaScript. Hapa Mwanza ninapata zaidi tovuti za shule binafsi na maduka, ambazo mteja hulipia mara moja na habari ikaishia hapo. Naomba wenye uzoefu mnieleze: je, Dodoma, Dar es Salaam na Nairobi zinatofautiana kwa aina ya kazi, au zinazidiana kwa wingi wa nafasi tu?

Mtumishi wa umma, Dodoma
Zinatofautiana sana kwa aina. Hapa Dodoma mwajiri mkuu wa watu wa fani yetu ni Serikali. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 inazitaka taasisi za umma zifuate viwango vya pamoja katika kujenga mifumo, na kwa kuwa makusanyo ya umma hupitia GePG, yaani njia ya Serikali ya malipo ya kielektroniki, mfumo wa halmashauri, hospitali au chuo unapaswa kuweza kuzungumza nayo. Nafasi hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira. Jiandae kwa usaili wa mchujo, ambapo ujuzi wa kanzidata na usalama wa mifumo utakufaa kuliko uzuri wa kurasa.

Mwandishi wa programu, Dar es Salaam
Dar kuna benki, kampuni za simu na miradi ya afya. Anayetafutwa ni yule anayeweza kuunganisha mfumo na M-Pesa au Airtel Money, akahakikisha kwamba jibu la muamala likichelewa au likija mara mbili, mteja hakatwi fedha mara mbili. Ukishamudu hilo, hutabaki kushindana na kila mwenye kompyuta mpakato kwa bei ya tovuti. Upande wa afya, jifunze DHIS2, mfumo wa takwimu ulioanzia Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumiwa na Wizara ya Afya. Programu zake za nyongeza huandikwa kwa JavaScript, ambayo tayari unaifahamu.

Mtanzania aliye Nairobi
Soko la huku ni pana zaidi: M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, iHub, kituo cha wabunifu wa teknolojia, ikafunguliwa 2010, na Microsoft ikaweka kituo chake cha uundaji wa programu mwaka 2019. Hata hivyo ushindani ni mkali kwa anayeanza, na Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki haijatuondolea Watanzania haja ya kibali cha kazi. Usihame kabla ya kupata mkataba.

Mhitimu, Mwanza
Nawashukuru sana. Shule mojawapo ninayoihudumia bado hupokea ada kwa stakabadhi za karatasi, hivyo nitaomba niwaunganishie malipo ya simu, nipate kazi halisi ya kuonyesha Dar es Salaam, huku nikifuatilia matangazo ya Sekretarieti.