Naomba ushauri: je, ubepari ni lazima uzidi kukandamiza kadiri miaka inavyokwenda?

Zamu ya Usiku (mleta uzi):
Wakuu, heshima kwenu. Nina jambo linaloninyima usingizi na ninaomba mawazo ya watu wenye upeo. Ninafanya kazi katika ghala kubwa la kufunga na kusafirisha bidhaa. Nilipoanza, miaka sita iliyopita, kila mtu alifunga vifurushi kwa kasi yake, na msimamizi alipita mara mbili kwa zamu. Leo kila mmoja wetu amevaa kifaa mkononi kinachohesabu sekunde baina ya kifurushi kimoja na kingine, na kikitetemeka ujue umechelewa. Mshahara haujapunguzwa, mwenye kampuni si mtu katili, na bado kila mwaka kazi inabana kuliko mwaka uliotangulia. Je, ubepari kwa asili yake ni lazima uzidi kukandamiza, au ni tamaa ya watu wachache inayoweza kurekebishwa? Ninahitaji jibu kabla ya Ijumaa. Naomba kuwasilisha.

Kalamu Kavu:
Ndugu, umeshaona mwenyewe kwamba katili hahitajiki. Karl Marx, mwanafalsafa wa Kijerumani aliyeuchambua ubepari, alilieleza jambo hili mwaka 1867: ushindani humlazimisha bepari mmojammoja, awe mpole au mkali, kufanya yale ambayo pengine asingeyataka. Tajiri wenu akipunguza sekunde, gharama zake zinashuka na wateja wanamfuata. Mshindani wake naye anapunguza ili asifilisike. Baada ya muda mfupi matajiri wote wawili wamerudi walipokuwa, ila mfanyakazi ndiye ambaye sasa anakimbia. Ile faida ya kutangulia hupotea, lakini kasi hairudi chini. Isitoshe, kila mzunguko humeza wadogo, mitaji hujikusanya kwa wachache, na mfanyakazi anayetaka kuhama hukuta milango ya kubisha imepungua.

Mama Busara:
Mwanangu, tatizo ni mioyo ya watu. Binadamu akishiba haridhiki. Fanya kazi kwa uaminifu, mengine mwachie Mungu.

Mzee wa Hoja:
Kalamu Kavu anasimulia nusu ya habari. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 1847 iliyowawekea wanawake na vijana wa viwanda vya nguo kikomo cha saa 10 kwa siku, na viwanda havikufa kama ilivyotabiriwa. Mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1919, ulihusu saa 8 za kazi viwandani. Ubepari ulikuwa uleule, na kamba ililegezwa kwa sababu kulikuwa na watu wanaoivuta upande wa pili. Huko Marekani, katikati ya miaka ya 1950, karibu theluthi moja ya wafanyakazi walikuwa wanachama wa vyama vyao. Leo ni kama mmoja katika kila kumi. Mkiiachia kamba, msishangae inakokwenda.

Karani Mstaafu:
Mimi nilikuwa mpiga chapa. Zilipoletwa kompyuta tuliambiwa tutamaliza kazi mapema na kurudi nyumbani jua likiwaka. Barua niliyoipiga kwa nusu saa nikaanza kuimaliza kwa dakika tano, nikafurahi kama mtoto, kwa wiki moja hivi. Kisha mkuu wangu akagundua kwamba barua inaweza kurekebishwa bila kupigwa upya, akaanza kuirudisha mara nane kwa ajili ya koma. Wenzangu wawili wakaambiwa hawahitajiki, meza zao zikaondolewa, na kazi zao zikaja kwangu. Nilistaafu nikiwa sijawahi kuliona jua lile. Samahani kwa kurefusha.

Binti Swali:
Mleta uzi, swali la namna hii halina tarehe ya mwisho. Kwa nini Ijumaa?

Zamu ya Usiku:
Ijumaa kuna kikao tu, dada.

Binti Swali:
Kikao cha nini, na wewe unakwenda kama nani?

Zamu ya Usiku:
Basi niseme. Nimepewa nafasi ya kuwa msimamizi wa viwango, yaani mtu anayepanga vifurushi vingapi vifungwe kwa saa. Ijumaa ninawasilisha kiwango kipya. Kabla hamjanishambulia, fikirini: nisipokubali mimi atakubali mwingine, tena asiyejua uchungu wa ile kazi. Mimi nitakipandisha kwa utaratibu. Pia nina familia.

Kalamu Kavu:
Ndugu yangu, umejijibu. Hiyo "nisipokubali mimi atakubali mwingine" ndiyo sentensi anayoisema tajiri wako kuhusu mshindani wake, na mshindani kuhusu tajiri wako. Mfumo hauhitaji mtu anayeupenda. Unahitaji watu wanaoogopa kutanguliwa.

Mzee wa Hoja:
Ajifunze kwa Frederick Taylor, mhandisi wa Marekani, ambaye mwaka 1911 alieleza kwamba wafanyakazi hujivuta makusudi, kwa kuwa wanajua atakayeongeza bidii atakatiwa malipo ya kila kipande. Yeye aliuona huo kuwa ugonjwa wa kutibiwa. Mimi nauona kuwa akili.

Pembe la Kicheko:
Wakuu, hii ni chai, tena ya moto. Mtu amejiunga jana, anaandika kama kitabu cha kiada, ana swali la kinadharia na siku ya kukabidhi ni Ijumaa. Huyu ni mwanafunzi aliyepewa insha, nanyi mnamwandikia bure huku mkigombana.

Karani Mstaafu:
Hata ikiwa ni chai, kompyuta yangu ilikuwa ya kweli.

Mama Busara:
Kama ametudanganya, aombe radhi. Uongo ni uongo hata ukiwa na takwimu.

Zamu ya Usiku:
Mimi si mwanafunzi. Orodha iko mbele yangu ninapoandika. Ina majina 43, kila jina na wastani wake kwa saa, kuanzia wa juu hadi wa chini. Nimeelekezwa kwamba kiwango kipya kiwe wastani wa wale kumi wa juu, na atakayeshindwa kukifikia kwa wiki nne mfululizo mkataba wake hauhuishwi. Jina la mwisho ni la mama mmoja mwenye bega bovu. Siku yangu ya kwanza ndiye aliyenionyesha namna ya kuvuta utepe kwa kiganja badala ya vidole, ili ngozi isichanike. Kiwango chochote ninachojaribu kukiweka, yeye anabaki chini ya mstari. Nimejaribu mara kumi na moja.

Binti Swali:
Kwa hiyo hukuja kuuliza kuhusu ubepari. Ulitaka tukuambie kwamba ni mfumo, si wewe.

Zamu ya Usiku:
Si ni mfumo kweli? Kalamu Kavu mwenyewe amesema.

Kalamu Kavu:
Nilieleza kwa nini kasi hupanda. Sikusema kwamba mkono unaoandika kiwango si wako. Umeshatia sahihi?

Zamu ya Usiku:
Jumatatu.

Mzee wa Hoja:
Sahihi ya cheo si sahihi ya kiwango. Majina 43 ni watu 43 wanaoweza kuketi pamoja kabla ya Ijumaa, ikiwa kuna mtu atakayewaonyesha hiyo orodha.

Zamu ya Usiku:
Nikiwaonyesha, nimepoteza kazi zote mbili, ya zamani na hii mpya.

Binti Swali:
Huyo mama anajua?

Zamu ya Usiku:
Hajui. Amenipongeza kwa cheo. Leo usiku tuko zamu moja.

Pembe la Kicheko:
Mimi bado nasema ni chai. Lakini mkuu, ukishazungumza naye, tuletee mrejesho.