Naomba ushauri: mkia wa mamba muntu uliochakaa

Jambo kwenu bamama na mafundi. Binti yangu hapa Lubumbashi ana mkia wa kuvaa wa mamba muntu (nguva, nusu mtu nusu samaki), wa kitambaa cha kuvutika. Magotini umetoboka na mpira wa kiunoni umelegea, lakini kuanzia magotini kwenda chini magamba ya kijani bado yanang'aa, na pezi ni zima kabisa. Siwezi kuutupa, bado analala nao.

Nataka kuugeuza kitu kingine. Nimejaribu kushona mfuko wa kalamu kwa kipande chake, kwa mashine: sindano ya kawaida iliruka mishono, kitambaa kikajikunja. Fundi mmoja wa soko la Kenya (mtaa wa hapa Lubumbashi) anasema nishone zigizaga.

Je, nikiweka kitenge ndani, kitaacha kuvutika? Na lile pezi mngelifanya nini, mto au mkoba? Mimi naelekea mto. Aksanti sana.