Mafaili ya meinfremu: yahamishwe au yaachwe yalipo?

Mleta mada:
Wadau, kuna jambo ambalo ofisi kubwa zinaliahirisha mwaka hadi mwaka. Mafaili ya kodi, pensheni na akaunti za benki yaliyoko kwenye meinfremu (zile kompyuta kubwa za kuchakata kazi nyingi za taasisi), yahamishiwe kwenye hifadhidata za kisasa au yaachwe? Aprili 2020 gavana wa New Jersey kule Marekani, Phil Murphy, aliomba hadharani wajuzi wa COBOL, lugha ya zamani ya kuandikia programu za meinfremu, wajitolee, maana mfumo wa mafao ya wasio na kazi ulikuwa umeelemewa na maombi. Wengi wakaamua papo hapo kwamba meinfremu ndiyo mkosaji. Mimi naona wamemkamata asiye mwizi.

Kwenye Linux au Windows, faili ni baiti zilizopangana tu. Mfumo wenyewe haujui rekodi (tuseme taarifa za akaunti moja) inaanzia wapi wala inaishia wapi. Kwenye meinfremu za IBM, tangu kompyuta za System/360 za 1964, faili linazaliwa na vipimo vyake: rekodi ina urefu gani, zinafungwa ngapi kwenye bloku moja (fungu linaloandikwa kwa pamoja), na zitasomwaje. Jina lake lina herufi hadi 44, na katalogi ndiyo inayojua limelala kwenye diski ipi.

Vipimo hivyo si mapambo. Chukua diski aina ya 3390. Treki yake moja, yaani duara moja la kuandikia, inabeba baiti 56,664. Andika humo rekodi za baiti 80 (urefu tuliorithi kwenye kadi za kutoboa) moja moja bila kuzifunga: zinaingia 78 tu, kwa sababu kila bloku inadai pengo na utambulisho wake. Zifunge katika bloku za baiti 27,920, treki ile ile inameza 698. Waliobuni haya walijua kubana matumizi.

Na ukitaka rekodi moja tu, VSAM, mtindo wa IBM wa kupanga faili kwa fahirisi, ipo tangu miaka ya 1970. Unatoa namba ya akaunti, fahirisi inakushusha ngazi kwa ngazi hadi kwenye kipande chenye rekodi hiyo. Kipande kikijaa, baadhi ya rekodi zinahamia kipande kingine na kazi inaendelea. Hicho kinachoitwa cha kisasa kinafanya nini cha ajabu zaidi?

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, umeipamba mno. Faili kuu la walipa kodi binafsi la IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, lilibuniwa miaka ya 1960, enzi za tepu. Tepu haikuruhusu kuruka hadi rekodi ya katikati. Kwa hiyo miamala ilipangwa kwanza kwa ufuatano wa ufunguo (namba inayotambulisha kila rekodi), kisha faili la zamani likasomwa sambamba nayo tangu mwanzo hadi mwisho, na faili jipya likaandikwa pembeni. Mpaka 2012 ndipo walipoanza kusasisha kila siku. Kabla ya hapo ilikuwa mara moja kwa wiki. Mpangilio wa faili umewafunga watu miaka hamsini, halafu wewe unausifia!

Mleta mada:
Hoja ina mashiko, ila unachanganya tepu na meinfremu. Sabre, mfumo wa kompyuta wa shirika la ndege la American Airlines, ilikuwa ikishughulikia nafasi za abiria papo kwa papo mwaka huohuo wa 1964. Kusubiri wiki nzima ulikuwa uamuzi wa watu.

Mchangiaji wa pili:
Nimeandika COBOL miaka mingi, na nitawakera nyote wawili. Faili linajua rekodi ina baiti 200. Halijui kwamba baiti ya 41 hadi ya 43 ni salio. Hiyo ramani iko ndani ya programu.

Sehemu moja niliyofanya kazi, mtu aliongeza baiti moja katikati ya ramani na programu moja ikasahaulika kukompailiwa upya, yaani kutafsiriwa tena kwa lugha ya mashine ikiwa na ramani mpya. Usiku ikaanguka na S0C7, yaani imekuta kisicho namba mahali pa namba. Tulishukuru imeanguka.

Maana kuna ile isiyoanguka. Salio la 12345 linahifadhiwa tarakimu mbili kwa kila baiti, na nusu ya mwisho ni alama ya chanya au hasi (hapa C, chanya): 12 34 5C. Anakuja mtaalamu wa kuhamisha, anageuza faili zima kutoka EBCDIC, mfumo wa IBM wa kuwakilisha herufi kwa namba, kwenda Latin-1, mfumo mwingine wa herufi, kana kwamba yote ni maandishi. 12 inabaki 12, 34 inakuwa 94, na 5C, ambayo kwa EBCDIC ni kinyota, inakuwa 2A. Matokeo ni 12 94 2A. Na A nayo inakubalika kama alama ya chanya! Mteja amelala na 12345, ameamka na 12942, na hakuna kengele iliyolia.

Mchangiaji wa kwanza:
Sasa hapo si ndiyo sababu ya kuhama mapema, kabla wajuzi hawajaisha?

Mchangiaji wa pili:
Hama, ila si kwa mkupuo. Benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha wateja wake Aprili 2018, takriban milioni 1.9 wakafungiwa nje ya akaunti zao, na Desemba 2022 ikapigwa faini ya pauni milioni 48.65. Haikuwa kesi ya VSAM, najua. Ila ndivyo mkupuo unavyokuwa.

Mleta mada:
Natengua nusu ya hoja yangu. Nilitetea sanduku nikasahau kwamba orodha ya vilivyomo iko mfukoni mwa mtu. Hata kama halihami, orodha itolewe mfukoni.

Mchangiaji wa kwanza:
Na kama mwenye mfuko alishastaafu, na msimbo chanzo wa programu, yaani maandishi yake ya asili, hauonekani?

Mchangiaji wa pili:
Rekodi zenyewe zipo. Unachukua akaunti elfu moja ambazo taarifa zake zilichapishwa, unaweka karatasi huku na baiti huku, unalinganisha. Baiti ikikosa jina, hugusi faili.