Nakuru, Ruma au Saiwa: Agosti twende mbuga gani?

Nyar Ahero
Wakuu, naomba ushauri. Likizo ya Agosti tunatoka Kisumu na matatu ya kukodi: mama yangu, ambaye magoti yanamsumbua, dada yangu na watoto wake wasioweza kunyamaza hata wakilipwa, na mimi. Mfuko unaruhusu mbuga moja tu. Impala hapa Kisumu tushaimaliza, na simba wa kwenye kizimba hawawashtui watoto tena. Nimebaki na Nakuru, Ruma na Saiwa. Picha za matangazo nimeziona za kutosha. Nataka mtu aniambie alichokiona mwenyewe.

Mzee wa Lanet
Nakuru, bila kupoteza muda. Kwa watoto wasio na subira, sijui mbuga nyingine inayolipa haraka hivi. Hifadhi nzima ni kilomita za mraba 188, na kipande kikubwa ni ziwa, kwa hiyo wanyama wamebanana kandokando. Nyati, kuro na pundamilia utawapata karibu na geti tu. Twiga wa pale asili yao ni Soy, waliletwa miaka ya 1970. Chini ya goti hawana mabaka, utadhani wamevaa soksi nyeupe. Ndovu hakuna, waambieni watoto mapema.

Mimi huenda kwa ajili ya kifaru. Safari iliyopita tulizima injini upande wa kusini, kifaru mweupe na mtoto wake wakaja wakila hadi ukingoni mwa barabara. Kilichonishika ni ile sauti ya nyasi zikikatwa na mdomo mpana, krr, krr, bila kupumzika. Juu yake ndege wawili, wale waitwao askari wa kifaru, walikuwa wakidonoa kupe hadi ndani ya sikio. Sikio likipepea, wanahamia la pili. Yule mdogo alitutazama, akapiga chafya, akazunguka upande wa pili wa mamake. Basi. Hata dereva wetu, mtu wa simu muda wote, aliiweka chini.

Bodaboda Kondele
Na flamingo je? Mimi nilikuta miti mikavu imesimama majini, flamingo wa kuhesabu kwa vidole.

Mzee wa Lanet
Maji yalianza kupanda mwanzoni mwa miaka ya 2010, yakameza mpaka geti kuu la zamani. Miti uliyoiona ni migunga iliyozama. Flamingo mdogo anaishi kwa mwani wa maji ya magadi. Maji matamu yakizidi, mwani unapungua, naye anahamia Bogoria. Kama flamingo ndiye anayekutoa nyumbani, nenda Bogoria moja kwa moja, usije kwetu kulalamika.

Mwalimu Kitale
Mzee, kwa heshima zote, Nakuru imezungushiwa ua. Unamtazama nyati huku nyuma yake mabati ya mjini yanameremeta. Njooni Saiwa muone mnyama kwa miguu yenu.

Ni kipande kidogo, kilomita za mraba kama 3 hivi, kilitengwa 1974 kwa ajili ya nzohe, swala wa kinamasini. Gari linabaki getini. Unapita kwenye njia za mbao juu ya kinamasi, halafu unapanda jukwaa unangoja. Asubuhi mapema au jioni, mchana usijisumbue. Nzohe ana kwato ndefu zinazopanuka ili asizame kwenye matope, na akishtuka anaweza kujizamisha akaacha pua tu juu ya maji. Niliyemwona mimi alikuwa jike. Alitoa kichwa kwenye matete, akatafuna, akasimama na mguu mmoja hewani muda mrefu hadi nikahisi ni mguu wangu unaochoka. Kisha akavuka uwazi mdogo polepole, matete yakamfunika. Kuna na karasinga, yule kima wa ndevu nyeupe na paji la rangi ya chungwa.

Mzee wa Lanet
Mwalimu, ua huo usiudharau. Mwaka 1970 Kenya ilikuwa na vifaru weusi takriban 20,000. Mwishoni mwa miaka ya 1980 hawakufika 400. Majangili waliwamaliza porini kusikokuwa na ua. Na nzohe wako anahitaji watu kimya. Umesoma maelezo ya hawa watoto?

Mwalimu Kitale
Nimesoma. Mimi hufundisha darasa la nne, najua kelele. Hapo nakubali yaishe. Na ngazi za majukwaa mama hataziweza.

Jadwong' Lambwe
Mbona Ruma hamuisemi? Hapo ndipo pekee Kenya utakapomwona swala korongo akiwa porini. Mkubwa kama farasi, pembe zimepinda kwenda nyuma, uso mweusi na mweupe, masikio marefu yenye vishungi nchani. Wamebaki wachache sana, siahidi kwamba mtamwona. Lakini taya (yule swala mdogo), kongoni na twiga wapo wa kutosha, na mnaweza kuzunguka asubuhi nzima bila kukutana na gari lingine.

Ajabu ni kwamba mlinzi wa bonde hili la Lambwe, iliko Ruma, alikuwa mbung'o. Aliua ng'ombe, alileta malale kwa watu, wazee wetu wakakaa vilimani na kuwaachia wanyama bonde. Serikali ilikuja baadaye, ikafanya hifadhi 1966 na mbuga ya taifa 1983. Bila mdudu huyo hapo pangekuwa mashamba ya miwa na mahindi kitambo.

Vifaru pia wapo. Kumwona mweusi ndiyo kazi, maana anapenda vichaka.

Nyar Ahero
Nimemsomea mama haya yote. Kwa Nakuru alitikisa kichwa tu. Kwa Lambwe akaniambia nirudie. Kumbe babake alikataa shamba huko kwa sababu ya mbung'o, na maisha yake yote hakuwahi kuliona bonde lenyewe. Sasa anataka kuliona. Mambo yamekwisha, tunaenda Ruma. Matatu itafika?

Mzee wa Lanet
Haya. Watoto wakianza kuuliza kifaru yuko wapi, msinitafute.

Jadwong' Lambwe
Piteni Katito, Kendu Bay, Homa Bay, kisha barabara ya Mbita. Lami iko mpaka karibu. Ndani ni udongo mweusi, mvua ikinyesha matatu itanasa, kwa hiyo pigeni simu getini siku moja kabla. Lipeni kwa eCitizen, pesa taslimu hawachukui. Maji yasiwe kwenye chupa za kutupa, plastiki hizo zimepigwa marufuku mbugani tangu Juni 2020. Na mbung'o bado wapo: vaeni mikono mirefu, rangi ya bluu na nyeusi ziacheni nyumbani, zinawavuta.

Nyar Ahero
Mpwa wangu ana jezi ya Gor Mahia, hataivua hata kwa viboko. Kijani ruhusa?

Jadwong' Lambwe
Kijani ruhusa. Wa AFC Leopards ndio wajichunge.