Mrejesho: Brashi ya hewa ya kwanza na kompresa yake
Niliuliza kama anayeanza kupaka rangi mifano midogo ya ndege na vifaru vya kijeshi achukue brashi ya hewa (kifaa kinachopuliza rangi kwa hewa) ya hatua moja, ambayo kitufe huleta hewa na rangi pamoja, au ya hatua mbili, ambayo kila kimoja hudhibitiwa peke yake, na kama kompresa, yaani mashine ya kusukuma hewa, isiyo na tangi ingemtosha. Nawashukuru mliojibu. Nilinunua ya hatua mbili, yenye kikombe juu na pua (tundu la kutolea rangi) ya milimita 0.3, pamoja na kompresa yenye tangi la lita 3, kidhibiti cha mgandamizo na kichujio cha unyevu.

Tangi limethibitisha thamani yake, kwa kuwa linatuliza mapigo ya pistoni, hivyo hewa hutoka mfululizo, na mota hujizima mgandamizo ukifikia kiwango kilichowekwa badala ya kunguruma muda wote. Kidole ndicho kilichohitaji mazoezi: kubonyeza kitufe huleta hewa, kukivuta nyuma huleta rangi, na wakati wa kuacha ni lazima rangi ifungwe kabla ya hewa, la sivyo tone hubaki kwenye ncha ya sindano na kurukia kazi mara inayofuata.

Rangi ya akriliki naizimua hadi iwe nyepesi kama maziwa, kisha napuliza kwa mgandamizo wa psi (pauni kwa inchi ya mraba) 15 hadi 20. Hata hivyo hukauka kwenye ncha, nami huifuta kwa pamba iliyoloweshwa kizimuo. Kuhusu barakoa, mlioisisitiza mlikuwa sahihi, maana ukungu wa rangi hauonekani wote.