Dogo ana kipaji ila kila timu imemtimua. Nimchukue?

Kocha wa Mbagala
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha vijana chini ya miaka 17 huku Mbagala. Kuna dogo wa miaka 15, winga wa kushoto, kwa rika lake sijaona mwenye mguu kama wake huku kwetu. Anaomba kujiunga nasi, ila sifa zake zimemtangulia. Timu aliyotoka ilimtimua kwa kumtukana refa na kumpiga mwenzake ngumi mazoezini. Kocha wake wa zamani kanipigia kunionya kwamba atanivunjia timu. Kamati haimtaki, na kuna wazazi wanasema akiingia yeye, watoto wao wanatoka.

Mazoezini kwangu hajaleta fujo. Akipokonywa mpira ananuna tu, haongei na mtu mpaka tunamaliza. Anaishi na bibi yake. Moyo wangu unataka nimchukue, lakini nina vijana wengine wanaonitegemea. Mliowalea wa aina hii, mlianzia wapi?

Beki wa Zamani
Achana naye mkuu. Leo atakufungia mabao, kesho mnacheza pungufu nusu fainali kwa kadi yake.

Mwalimu wa Michezo
Beki, hilo hutokea, sibishi. Ila huyu ni mtoto wa miaka 15, na tukimfungia milango yote ataenda wapi?

Kocha, mimi nimepeleka watoto UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, miaka mingi. Anza kwa bibi yake. Nenda nyumbani, kaa, sikiliza. Uliza anakula saa ngapi, shule anakwenda, nani anamlipia nauli. Mtoto anayekuja mazoezini saa kumi na tumbo tupu tangu asubuhi hasira zake ziko karibu. Kisha zungumza naye peke yake, umuulize ile ngumi ilianzaje. Inawezekana hakuna aliyewahi kumuuliza.

Sheria zako ziwe chache na ziwe za wote, nahodha naye akiwemo. Akitukana, anatoka dakika kumi, anapoa, anarudi. Hata sheria za soka tangu 2017 zinaruhusu mashindano ya vijana kumtoa mchezaji kwa muda. Usimkimbize raundi kama adhabu wala kumfokea mbele ya wenzake, aibu ndiyo inayowasha watoto hawa.

Halafu mpe kazi. Ian Wright, mshambuliaji wa Arsenal miaka ya 90, alikuwa mtoto wa hasira sana shuleni kwao London. Mwalimu wake, Sydney Pigden, alimfundisha kusoma na kuandika, akampa jukumu la kugawa maziwa. Wright amemtaja hadharani kuwa mwanamume wa kwanza aliyemjenga. Hata hivyo alichelewa, alisajiliwa na klabu ya Crystal Palace mwaka 1985, akikaribia miaka 22. Kwa hiyo usitegemee matunda msimu huu. Kitambaa cha unahodha bado, lakini mipira na vizibao vya mazoezi anaweza kuvitunza.

Mama Winga
Kocha, mimi ni mzazi, mwanangu anacheza timu ya mtaani. Wazazi hao wanaogopa watoto wao kuumizwa, na wana haki. Waite kabla hujamsajili. Waambie mtu akipigwa utafanya nini, siku hiyo hiyo. Mambo ya nyumbani kwa huyo mtoto usiwasimulie, hayawahusu.

Kocha wa Mbagala
Mwalimu, Mama, nashukuru sana. Jumamosi naenda kwa bibi, Jumapili naita wazazi. Je, nimpe kipindi cha majaribio?

Mwalimu wa Michezo
Mpe, lakini mwambie wazi kinaisha lini na unaangalia nini. Usiangalie kama amekasirika, atakasirika tu. Angalia anachukua muda gani kurudi mchezoni. Na mechi ya kwanza muingize kipindi cha pili, dhidi ya timu isiyo na watu wa kumchokoza.

Beki wa Zamani
Hapo kwenye wazazi nimekubali. Kocha, tupe mrejesho baada ya Jumapili.